Kalavati limeelekea kiwanjani kwangu: nijaze kifusi, nichimbe shimo, au niuze?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Machame, nimeolewa huku Meru. Mwaka juzi mimi na mume wangu tulinunua kiwanja kati ya Usa River na Kikatiti, upande wa chini wa barabara kuu ya Arusha–Moshi. Ni mita 35 kwa 40. Tulikwenda kukiona mwezi wa Septemba. Ardhi ilikuwa kavu, nyeusi, imepasukapasuka, na aliyetuuzia akatuambia mahindi yanakubali sana pale. Hakusema uongo, mahindi yanakubali kweli. Alichotuficha ni kwa nini yanakubali.

Masika iliyofuata jirani akanipigia simu: "Mama, njoo uone kiwanja chako." Nilikuta ziwa. Barabara pale imejengwa juu ya tuta, na chini ya tuta kuna kalavati, lile bomba la kupitisha maji, ambalo mdomo wake umeelekea katikati ya mpaka wetu wa juu. Nimelipima, upana wake ni sentimita 90. Maji yalikuwa yanatoka humo yakinguruma, yamebeba tope, chupa na matawi. Yalipopungua nikakuta alama ya tope kwenye shina la mgrevilea, sentimita 45 kutoka chini. Maji yalituama siku nne, na hata baada ya hapo ulikuwa huwezi kupita na viatu.

Jirani wa upande wa mashariki alishajaza kifusi na kuzungusha ukuta, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakisambaa kwake sasa yote ni yetu. Chini yetu kuna shamba la mzee mmoja ambaye sote tunamwita Babu, na baada ya shamba lake, kama mita 60 hivi, kuna korongo. Babu alishamwambia mume wangu, "Maji yenu msije mkanisukumia mimi."

Tuna akiba ya shilingi milioni 9 tuliyoichanga kwenye vikoba na mshahara, na kila mtu ana lake la kushauri. Fundi wetu anasema tujaze moramu, ule udongo wa changarawe, kiwanja kizima kipande juu sentimita 60, tripu 60 zinatosha. Shemeji anasema tujenge ukuta wa tofali mpaka wa juu, maji yatafute njia nyingine. Kijana mmoja msomi wa ujenzi ametuchorea mashimo mawili ya kunyonya maji, na mfereji wa kokoto uliozikwa wenye bomba la matundu. Mama mkwe anasema tuuze tukanunue mlimani. Mume wangu ni dereva wa malori, wiki hii yuko Tunduma, na anasema nikishaamua yeye atakubali.

Sasa ni Agosti. Vuli haiko mbali. Watoto wangu ni wadogo, na usiku nikisikia radi hata ya mbali silali vizuri ingawa bado hatujahamia kule. Nifanye lipi? Na je, siwezi kuomba lile kalavati liondolewe?

Mwenye Kiwanja Chini ya Barabara

*

Marahaba, mama.

Katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka ambayo mimi nimesimama nayo muda mrefu: ile ya Babu. Nitairudia, kwa sababu naona ufunguo uko pale. Lakini kwanza tuyajue maji yenyewe.

Barabara ile inakatisha mteremko. Mvua ikinyesha juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, maji yake yanashuka kusini kuelekea mto Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanafuata Pangani hadi baharini. Barabara yenyewe imelala mashariki kwa magharibi. Tuta lake ni kama ukuta mrefu uliowekwa mbele ya maji hayo yote, na makalavati ndiyo milango. Zamani maji yalishuka yametandazika kwenye eneo pana. Sasa yanakusanywa na kutolewa mahali pamoja, kwa kasi. Wa juu ya barabara wanalia maji yanawarundikia, wa chini mnalia yanawapiga. Kalavati likizibwa, nyumba za juu zinazama na barabara inakatika. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza: haliondolewi, na wewe mwenyewe usiliombe.

Unachoweza kuomba ni kitu kingine. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, na ofisi ya mkoa ipo Arusha. Andika barua, ambatanisha picha ulizopiga masika, peleka nakala kwa mtendaji wa kijiji, uombe wakague mdomo wa kutokea wa lile kalavati: je, panahitaji mawe ya kuvunja kasi, je, mkondo unaweza kugeuzwa taratibu kuelekea pembeni ungali ndani ya hifadhi ya barabara? Hifadhi hiyo, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, kwenye barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Ndani yake usichimbe, usijenge, usipange hata jiwe bila kibali. Pima kwanza uone bikoni zako, yaani alama za mpaka, ziko wapi, maana nimeshaona watu wakinunua kiwanja ambacho robo yake ni ya barabara.

Sasa tuje kwenye hesabu. Usiiogope, ni ya jikoni. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja chako ni mita za mraba 1,400. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50, kinapokea lita 70,000. Hayo ndiyo maji yako mwenyewe. Kalavati la sentimita 90 likiwa limejaa na maji yanakwenda kasi ya mita moja na nusu kwa sekunde, linatoa takriban lita 1,000 kila sekunde. Simtanki la lita 10,000 linajaa kwa sekunde kumi. Mvua yote iliyokuangukia wewe, kalavati linaileta kwa sekunde sabini, halafu linaendelea, pengine kwa saa nzima.

Kwa hiyo una maji ya aina mbili, mama, na ushauri mwingi uliopewa umeyachanganya.

Chukua mashimo ya yule kijana. Shimo la upana wa mita 2 na kina cha mita 3 lina nafasi ya lita kama 9,400. Ukilijaza mawe, nafasi inayobaki kati ya mawe ni kama asilimia 40, yaani lita zisizofika 4,000. Kalavati litalijaza kwa sekunde nne. Na likishajaa, je, litanywa haraka? Udongo wako ni mweusi, unapasuka kiangazi na kunata masika. Huo ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukishashiba, maji yanashuka ndani yake kwa milimita chache tu kwa saa. Usiniamini mimi, jaribu: chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 60, ulijaze maji jioni, asubuhi ulijaze tena, kisha uingize fimbo uliyoitia alama na uone yameshuka kiasi gani baada ya saa moja. Yakishuka milimita tano au pungufu, shimo la kunyonya lisahau.

Mfereji wa kokoto wenye bomba la matundu ni kitu kizuri mahali pake. Mahali pake ni kuondoa unyevunyevu uliomo ardhini, kwa mfano kuzunguka msingi wa nyumba kwenye udongo unaopitisha maji. Maji ya kalavati yanakuja na tope, chupa na mifuko. Msimu mmoja au miwili matundu yameziba, na kwa kuwa umezika kila kitu hutaona lini yalianza kuziba. Siku utakayojua ni siku maji yamo sebuleni. Kijana wako hajakosea masomo yake, bali amechora dawa ya maji yaliyotulia, nawe unapambana na maji yanayokimbia.

Ukuta wa shemeji naukataa moja kwa moja, na tafadhali umwambie kwa upole kwamba hofu yangu ni ya uhai. Maji ya kina cha sentimita 60 yakisimama nyuma ya ukuta yanausukuma kwa nguvu ya karibu kilo 180 kwa kila mita ya urefu. Ukuta wako wa mita 35 utakuwa unasukumwa na zaidi ya tani sita, huku msingi wake umekaa kwenye udongo uliolainika. Tofali za inchi sita haziwezi. Na ukuta wa namna hiyo hauvuji polepole, unaanguka wote mara moja na maji yote yaliyokuwa nyuma yake yanakuja kwa pamoja. Jirani zako wa magharibi je, ambao watapelekewa maji ukuta ukiwa bado umesimama?

Fundi wako wa moramu sijui alipigaje hesabu. Mita za mraba 1,400 kupandishwa sentimita 60 ni mita za ujazo 840 zilizoshindiliwa. Moramu ikiwa kwenye lori imelegea, kwa hiyo utahitaji kama robo zaidi, 1,050. Lori la mita za ujazo 7 litakuja mara 150. Tripu 60 zitakupandisha sentimita 24 tu, chini ya alama ile ya tope kwenye mgrevilea wako. Ungemaliza milioni zako zote na bado ungelowa. Halafu, hata ungekuwa na fedha za tripu 150, maji hayo yangekwenda wapi? Jirani wa mashariki alijaza, yakaja kwako. Wewe ukijaza, yanakwenda kwa Babu na kwa wa magharibi. Nao wakijaza? Tumeona maeneo mengi kandokando ya Arusha yakiharibika hivyohivyo, kila mmoja anamnyanyukia mwenzake, na mwisho njia pekee ya maji inayobaki ni barabara ya mtaa ambayo watoto wanapita kwenda shule.

Ninachokushauri ni mtaro wa wazi, mpana, uliolala, wenye majani, ukipita kando ya mpaka wako mmoja, na nyumba peke yake ndiyo uipandishe.

Mtaro huo uwe na sakafu ya mita moja, kina cha sentimita 60, na kuta zisizosimama wima. Zilaze kiasi kwamba kwa sentimita 60 za kina ukuta unakwenda kando mita 1.2. Juu utakuwa na upana wa mita 3.4, weka mita 4 kabisa ili upate ukingo. Ukiwa na mteremko wa nusu mita tu kwa kila mita 100, mtaro wa namna hiyo wenye majani mafupi unapitisha zaidi ya lita 1,000 kwa sekunde bila kufurika. Yaani unalimudu kalavati. Utakula mita za mraba 160 za kiwanja chako, kama sehemu moja ya tisa. Najua inauma kutoa ardhi uliyoilipia. Lakini ardhi hiyo tayari maji yanaichukua, tofauti ni kwamba leo yanaichukua yote.

Mdomo wa mtaro, pale maji yanapoingia kiwanjani, tandaza mawe makubwa yaliyopangwa vizuri, yabanane, eneo la mita kadhaa. Usiyakunje maji kwa pembe mraba mara tu yanapotoka. Yageuze taratibu, kama unavyogeuza trela, mume wako atakueleza. Kwenye sakafu panda ukoka, na juu ya kingo panda vetiva au majani ya guatemala, yale waliyokuwa wakifunga nayo matuta kwenu Machame. Usisakafie kwa zege kama huna sababu kubwa: zege linayaongeza maji kasi na kumtupia wa chini yako tatizo kubwa zaidi.

Upande gani upitie? Hilo usiamue kwa macho. Nenda na fundi mwenye ule mpira mwangavu wa maji wa kupimia levo, mpime kutoka mdomo wa kalavati hadi pembe zote mbili za chini, kisha mwendelee, kwa ruhusa ya Babu, hadi ukingo wa korongo. Macho yanadanganya kwenye ardhi tambarare, na kuna viwanja vinavyoonekana vinashuka kumbe katikati ni bakuli. Kipimo hicho ndicho kinachobeba kila kitu nilichokuambia. Korongo likiwa chini ya mdomo wa kalavati kwa nusu mita au zaidi, unayo njia. Likiwa sawa nalo, mtaro utakuwa bwawa refu, na hapo nitakuwa upande wa mama mkwe wako.

Yeye pia usimpuuze. Kuuza si kushindwa. Babu akikataa katakata, au mpira ukikuambia hakuna mteremko, libakize shamba la mahindi kwa kuwa ndivyo lilivyo, au uza. Ila ukiuza, mwonyeshe mnunuzi picha za masika. Wewe hukuonyeshwa, na unajua ilivyokuuma.

Nyumba sasa. Badala ya kiwanja kizima, pandisha jukwaa la mita 16 kwa 14, linalobeba nyumba na njia ya kuizunguka. Kwanza ondoa udongo mweusi wa juu, usijenge juu yake, maana kuvimba na kusinyaa kwake ndiko kunakopasua kuta. Mwambie fundi msingi wako ashuke hadi ardhi ngumu. Kisha jaza moramu tabaka la sentimita 15, mwagia maji, shindilia, ongeza jingine, hadi upande sentimita 60 juu ya ardhi ilivyo sasa. Hapo unahitaji lori kama 24, mbali na za kufidia ule udongo ulioutoa. Sakafu ya nyumba iwe sentimita 30 zaidi juu ya jukwaa. Utakuwa sentimita 45 juu ya alama ya tope hata siku mtaro utakapozibwa na gogo.

Choo na karo viwe upande wa juu zaidi na vinyanyuliwe pia. Hili watu hulisahau kabisa. Maji yakiingia kwenye shimo la choo yanatoka na uchafu wake, na kipindupindu hakiulizi nyumba ilijengwa kwa shilingi ngapi.

Bati usiliache limwage maji msingini. Paa la mita za mraba 150 linakupa lita 7,500 kwa ile mvua ya milimita 50. Weka mifereji ya bati na simtanki, acha maji machafu ya dakika za kwanza yaende, yanayobaki hifadhi. Ukanda huu wa Meru unajulikana kwa floridi kwenye maji ya visima, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na ikizidi inadhuru mifupa. Kwa watoto wadogo kama wako, maji safi ya mvua ya kunywa na kupikia ni nafuu kubwa. Simtanki halitapunguza maji ya kalavati, hilo tumeshaliona kwenye hesabu. Nalitaja kwa ajili ya meno yao.

Ile pembe ya chini kabisa ya kiwanja usijenge kitu. Panda magimbi, hayachukii maji, na pawe mahali pa maji kupumzika siku yatakapozidi mtaro. Hakikisha tu yanaondoka ndani ya siku tatu. Mbu anahitaji kama wiki moja kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji ya siku tatu hayamlei.

Na mtaro huo, mvua ikinyesha, ni marufuku kwa watoto. Usiusogelee hata wewe. Aprili 2024 hapa Arusha gari la wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo asubuhi wakienda shule, na watoto walikufa. Maji yanayofika magotini yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima. Weka ua wa michongoma au wa waya kati ya mtaro na uwanja wa kuchezea, na ufanye hivyo kabla hamjahamia.

Nimeacha swali kubwa kuliko yote. Mtaro wako ukifika mpaka wa chini, maji yanaingia kwa Babu. Huwezi kuyaacha yamwagike shambani kwake, kisheria na kibinadamu, na yeye hawezi kuyazuia yasishuke kabisa, kwa sababu mkondo huo ulikuwepo. Kati yenu lazima pawe na mita 60 za mtaro hadi korongoni, na pale maji yanapodondokea korongoni lazima pawe na ngazi za mawe au gabioni, yale maboksi ya waya yaliyojazwa mawe. Bila hivyo korongo litaanza kula kurudi nyuma, mvua kwa mvua, litapanda shambani kwa Babu hadi likufikie. Makorongo mengi unayoyaona kuteremka kutoka Kikatiti yanakua kwa namna hiyo.

Kwa mzee mwenye shamba, hilo ni jambo kubwa. Kwa hiyo usiende kwake kuomba, nenda ukiwa na cha kumpa. Gharama ya kuchimba upande wake iwe yako. Udongo kwako ni kama mita za ujazo 53 na kwake 79; kijana mmoja kwa jembe na sepeto anatoa kama mita 2 kwa siku, basi vijana sita watamaliza kwa siku kumi na moja. Udongo mweusi wa Agosti ni mgumu kama jiwe, kwa hiyo ukiona bei ya kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kwa siku moja au mbili inakaribiana na ya vijana, kodi kijiko. Mjengee kivuko cha kupitisha ng'ombe na mkokoteni. Majani ya mtaroni upande wake yawe ya mifugo yake. Na weka mlango mdogo wa kugawa maji, ili mvua za mwisho wa msimu zikiwa haba aweze kuyachepusha kwenye mboga zake. Maji yaliyokuwa yanamtisha yatakuwa yanamlisha.

Wewe ni wa Machame, unaijua mifongo. Wazee wenu waliyatoa maji kwenye mito ya mlimani wakayapitisha katika vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vya watu wengi, na mfongo ulidumu kwa sababu ulikuwa na wenyewe, siku ya kuusafisha na faini kwa asiyetokea. Mtaro wako nao unataka hayo. Mkubaliane nani anasafisha kipande kipi, mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Yaandikwe, yachorwe, yasainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi, na watoto wa Babu wawepo, maana shamba ni lao kesho. Kwa kuwa mtaro unaishia korongoni, waulize pia watu wa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, makao yao yako Moshi, kama kazi ya pale ukingoni inahitaji kibali. Ya jirani wa mashariki myazungumze baadaye, ukiwa na mchoro mkononi. Mwombe achangie ule mdomo wa mawe, kwa sababu na ukuta wake unalindwa. Akikataa lipo Baraza la Kata la kuwasuluhisha, lakini usianzie huko.

Usinunue hata tripu moja ya moramu kabla ya kuonana na Babu. Msubiri mume wako arudi kutoka Tunduma, mwende pamoja na mtu mzima wa ukoo wa mumeo anayeheshimiana naye. Msianze na mtaro. Mkishakaa na kusalimiana, mwulize: "Babu, ulipokuwa kijana, mvua kubwa ikinyesha, maji ya huku yalikuwa yanapita wapi?" Mwachie nafasi azungumze hadi amalize. Akiinuka kwenda kukuonyesha kwa fimbo yake, mfuate, na kila anapoigusa ardhi mume wako achomeke kijiti. Mpira wa levo upitisheni kwenye vijiti hivyo kwanza.